Siku Ninahazwe Alipokuwa Mgeni

Ukitaka kumjua Ninahazwe usimtazame usoni, tazama mikono yake. Haijui kutulia. Hata kanisani, mchungaji akihubiri, mikono hiyo inakunja karatasi ya matangazo mara nne, inaikunjua, inainyoosha kwa ukucha, halafu inaanza upya. Nimefanya naye kazi miaka tisa katika hoteli moja karibu na stesheni ya Central, hapa Sydney, yeye juu vyumbani, mimi chini kwenye chumba cha shuka, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi.

Mimi naitwa Aksanti. Ni Mkongo wa Uvira, yeye ni Mrundi. Tulitoka kambi moja kule Tanzania, Nyarugusu, lakini tulikuja kujuana huku Merrylands, kwenye foleni ya mihogo ya barafu. Kiswahili kilituunganisha, na uchovu ukamalizia.

Kazi yangu ni kupokea shuka chafu, kuzihesabu, na kushona zilizochanika. Katika mafurushi yanayoshushwa nimekuta gauni za kulalia, midoli ya watoto, na siku moja meno ya bandia yakinichekea. Ila kutoka ghorofa ya Ninahazwe sijawahi kukuta hata soksi. Ana sheria yake: shuka hutikiswa mara tatu kabla ya kufungwa furushi. Wasichana wapya anawasimamia kama askari. "Tikisa! Tikisa! Tikisa! Hujui mgeni ameacha nini humo." Ninawaambia kila siku, mwenye akili afuate mwanamke yule, na asiye na akili aje kuonana na mimi na hayo meno.

Sasa nieleze lililompeleka Uhispania, maana watu wa Merrylands walilitafsiri walivyotaka.

Kambini kila familia ilikuwa na kadi yake ya chakula, na safari za kuhamia nchi za mbali zilifuata kadi. Ninahazwe na mumewe Melchior walikuwa na kadi yao. Mama yake na mdogo wake, Armelle, walikuwa na yao. Kadi ya Ninahazwe ikaitwa kwanza. Mama alikuwa mgonjwa tayari, naye alimwambia, nenda mwanangu, ndege haisubiri mtu. Wiki tatu baada ya kufika Sydney, mhudumu wa wakimbizi akiwa anamwonyesha namna ya kuwasha oveni, simu ikalia. Mama amefariki. Armelle alimzika peke yake, halafu baada ya miaka akapata kwenda Ubelgiji, mji wa Namur, ambako anaogesha wazee na kuwalisha.

Kwa Warundi msiba haumalizwi na maziko. Baada ya mwaka hivi ndugu hukutana, husali, hunywa kidogo, hugawana vitu vya marehemu, na hapo ndipo matanga yanaanuliwa. Wenyewe huita kuganduka. Hawa dada wawili hawakuganduka. Miaka kumi na moja Ninahazwe alikuwa mfiwa. Harusini hachezi, ngoma ikianza anaingia jikoni kuosha sahani, na mikono yake inafurahi kupata kazi, lakini mimi nilikuwa nauona uso.

Kila alipomwuliza mdogo wake kwa simu, jibu lilikuwa moja: "Mambo ya Mama hayafanywi kwa WhatsApp." Armelle aliomba viza ya kuja Australia mara mbili, akanyimwa mara mbili. Ninahazwe akasema basi nitakuja Namur. Armelle akakataa katakata.

"Ukija hapa Warundi wote wa Ubelgiji watajaa na kreti za bia, na wewe utakuwa mgeni wa heshima. Sitaki."

Mwishowe ni Armelle mwenyewe aliyetaja Zaragoza, mji wa Uhispania. Tiketi ya ndege kutoka kwao ilikuwa rahisi, na hakuna mtu anayewajua huko. Siku tatu, hoteli ya bei ya chini, wao wawili tu. Ninahazwe akaja chini kwangu akiwa ameshika simu kwa mikono miwili. "Nimepata annual leave. Wiki moja. Dada Aksanti, niombee, huyu mtoto hajasema ataganduka. Amesema tu atakuja."

Kanisani wakamtania hadi basi. Eti mwenzetu anakwenda Ulaya kula raha, atuletee marashi. Yeye anacheka huku mikono inakunja karatasi.

Yaliyotokea huko mengine niliyasikia mwenyewe kwa simu, na mengine alinisimulia kwenye treni ya asubuhi, akiwa amesimama, viti vitupu.

Alifika kwanza, Jumanne asubuhi. Hoteli ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la zamani, bila lifti, chumba chenye vitanda viwili vyembamba na dirisha linalotazama ukuta. Mwenye akili timamu aliyetoka Sydney kwa ndege tatu angelala. Ninahazwe alipitisha kidole juu ya fremu ya kitanda, akatazama kidole. Akaona pembe za shuka hazikukazwa vizuri, akazikaza. Akaosha sinki. Akapangusa kioo kwa soksi yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alilichukua jembe kabla ya kuvua viatu.

Armelle alipogonga mlango alasiri, walikumbatiana wakalia. Kisha Armelle akamsukuma kidogo, akamnusa shingoni.

"Unanukia sabuni ya hoteli."

"Nimeosha sinki."

"Hapana," akasema Armelle. "Ni wewe."

Hapo lazima niseme jambo ambalo Ninahazwe aliniambia kwa aibu. Kwa miaka yote ile alikuwa akimtumia mdogo wake picha akiwa kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli yetu, karibu na maua makubwa, amevaa koti zuri. Zingine nilipiga mimi. Alimwambia anafanya kazi hotelini, akaishia hapo. Armelle akajijengea picha ya dada anayekaa nyuma ya meza na kupokea matajiri. Uongo haukusemwa, ila ulipigwa picha.

Siku mbili walizunguka mji. Ninahazwe anatembea kama anayechelewa shifti. Upepo wa huko ni mkali, naye akawa anautangulia. Walipita kanisa kubwa la kando ya mto Ebro, walipita soko, walirudi kanisani, walivuka daraja wakavuka tena.

"Tunakimbilia wapi?" Armelle akauliza.

"Tunatembea."

"Mimi natembea. Wewe unakimbizwa."

Kila walipoketi Ninahazwe alilianzisha neno la kuganduka. Kwenye mkate wenye nyanya iliyosagwa, akalianzisha. Kwenye benchi la uwanja, akalianzisha. Armelle anajibu, "Kesho." Ndege ya Armelle ilikuwa Ijumaa jioni. Ukishahesabu miaka kumi na moja, ukabakiwa na siku mbili, hilo neno kesho linakuchoma kweli.

Jumatano jioni, wamerudi chumbani na jua bado lipo, Armelle akafungua begi lake akatoa mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na kitenge cha kahawia chenye maua ya njano. Ninahazwe alikitambua kabla hakijakunjuliwa. Ndicho alichofariki nacho mama yao.

"Tazama," Armelle akasema, akaonyesha tundu dogo upande mmoja, lenye kingo nyeusi. "Hili ni la asubuhi uliyoondoka. Alikuwa anakupikia maharage ya safari, cheche ikaruka. Alisema usiambiwe."

Ninahazwe akaona jambo la pili: kitenge hakikuwahi kufuliwa. Na hapo akaelewa kila kitu. Katika ukoo wao, nguo ya mwisho ya mama hufuliwa na binti mkubwa ndipo igawanywe. Mdogo haifui. Armelle alikuwa amekitunza kikiwa kichafu miaka kumi na moja, kambini, kwenye ndege, Ubelgiji, kikimngoja mwenye kazi yake.

Akainuka papo hapo. "Nipe. Sinki lile pale, nakifua sasa hivi, kesho asubuhi kimekauka, tunasali, tunagawana."

Armelle akakivuta kifuani. "Usikiguse! Ulitakiwa kukifua nikiwa na kaburi mbele yangu. Sasa harufu yake imo humu. Ukikifua itaondoka, na mimi nitabaki na nini?"

"Tutaganduka, Armelle. Tutapumzika."

"Wewe ndiye unayetaka kupumzika. Kesho nitakuambia. Usinisukume."

Armelle akalala nacho. Ninahazwe hakulala sana.

Alhamisi aliamka saa kumi na moja, kama ana kazi. Akalala macho juu mpaka kumepambazuka vizuri. Armelle akaamka, akavaa, akasema anakwenda kusali lile kanisa kubwa, peke yake, na akirudi atatoa jibu. Mlango ukafungwa. Ninahazwe akabaki na chumba.

Mimi namjua. Naweza kukuambia alivyofanya kana kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliketi. Aliinuka. Alikwenda dirishani akatazama ukuta. Alifikiria jibu litakuwa ndiyo, akafikiria litakuwa hapana, akajiona anarudi Sydney na msiba wake mkononi. Akasikia toroli ya mfanyakazi wa usafi kwenye korido, magurudumu yakilia, na mikono ikaanza yenyewe. Foronya mbili. Taulo mbili. Kitanda chake akakitandua kwa mvuto mmoja, cha Armelle kwa mvuto mmoja, shuka, blanketi jembamba na vyote, akafunga furushi kubwa, akafungua mlango akaliweka ndani ya gunia la toroli. Mfanyakazi, mama mmoja mnene wa makamo, akaweka mkono kifuani kwa kushukuru. Ninahazwe akatabasamu. Dakika moja ile, alisema, ndiyo pekee aliyojisikia vizuri tangu ashuke kwenye ndege.

Hakutikisa. Mtu aliyewapigia wasichana kelele miaka tisa, tikisa, tikisa, tikisa, siku hiyo hakutikisa hata mara moja. Mazoea yana taabu, lakini taabu kubwa ni mazoea yakifanya kazi nusu.

Armelle alirudi saa nne. Akatazama magodoro matupu.

"Kitenge kiko wapi?"

Ninahazwe alitoka mbio bila viatu, korido, ngazi, mpaka mlango wa nyuma. Gari la kubeba shuka lilikuwa limeondoka saa tatu.

Aliporudi juu akihema, Armelle alikuwa ameshafunga begi.

"Umefanya makusudi," akasema. "Nilikataa ukifue, ukakitoa."

"Naapa kwa Mungu, sikukiona."

"Ulimwacha Mama mikononi mwangu. Sasa umemtupa." Akachukua begi lake akashuka ngazi.

Huku kwetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nakoroga sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Nikasikia mtu analia kwenye simu kwa namna ambayo nilizima jiko kwanza ndipo nikauliza nani amekufa. Alipomaliza kueleza, nilitaka kumgombeza, nikaona nitagombeza baadaye.

"Nisikilize," nikamwambia. "Usiende kwa manager. Manager atakuuliza risiti na passport. Nenda kwa yule mama wa toroli. Yeye atakuuliza rangi."

"Hatuelewani lugha, dada."

"Mtaelewana. Chukua shuka mtikisie."

Akaenda. Mama yule alikuwa chumba cha mwisho wa korido. Ninahazwe akamwonyesha kwa mikono, nguo, upana huu, maua, kahawia, akaonyesha gunia, akaonyesha gari likienda. Mama hakuelewa. Ninahazwe akashika upande wa shuka iliyokuwa kitandani, akaitikisa mara tatu, akapapasa katikati, kisha akajipiga kifuani na kuonyesha mikono mitupu. Hapo mama akafunika mdomo. Akatoa simu, akaongea kwa haraka na mtu wa kiwanda cha kufulia. Aliongea, akasubiri, akaongea tena. Mwisho akamwonyesha Ninahazwe kwa kidole kinachozungukazunguka: nguo zimeshaingia mashineni. Akaashiria kesho, asubuhi. Labda.

Maji yakimwagika hayazoleki. Harufu ya mama yao ilikuwa inazunguka kwenye mashine mtaa fulani usiojulikana.

Armelle hakupokea simu. Alipigiwa mara ishirini. Ninahazwe hakuweza kukaa chumbani, hakuweza kutoka asije akapishana naye. Basi akashika upande wa pili wa shuka za yule mama, wakaendelea pamoja chumba hadi chumba. Yalibaki magunia mawili ambayo gari halikuyachukua. Ninahazwe akayamwaga sakafuni akatikisa kila shuka, moja moja, ingawa alijua kitenge hakimo. Alikuwa anatikisa akilia.

Armelle alikuwa amefika stesheni. Aliniambia mwenyewe baadaye, maana siku hizi tunaongea naye, kwamba alikaa kwenye benchi na begi mapajani, na mabasi mawili ya uwanja wa ndege yakapita. Alasiri akarudi kuchukua chaja yake. Ndivyo anavyodai, chaja.

Alipofika kwenye korido akamwona dada yake amepiga magoti kwenye sakafu ya vigae, kati ya shuka za watu wasiojulikana, anakunja, anafunga, anavuta furushi kwa mkono mmoja, na mgongo wake umepinda kwa namna ambayo mtu hajifunzi kwa siku moja.

Akauliza, "Hii ndiyo kazi yako?"

Ninahazwe akageuka. "Ndiyo."

"Si ile ya kwenye maua?"

"Kwenye maua nilikuwa napiga picha tu."

"Vyumba vingapi?"

"Kumi na vinne kwa siku. Wikendi kumi na sita."

Armelle akatazama mikono yake mwenyewe, ambayo inaogesha wazee wa Namur kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Akaweka begi chini. Akashika upande wa pili wa shuka, wakaivuta, wakaikutanisha, wakarudi nyuma, wakaikutanisha tena, kama walivyokuwa wakikunja blanketi la kambi na mama yao akiwaambia wanyooshe pembe.

"Bado nimekasirika," akasema Armelle.

"Najua."

"Vuta upande wako."

Ijumaa saa tatu gari likaja na shuka safi. Ninahazwe alikuwa mlango wa nyuma tangu saa moja, anapanda na kushuka ile ngazi. Dereva akampa mfuko wa plastiki. Kitenge kilikuwa kimefuliwa, kimepigwa pasi na ule mtambo wa shuka, kimekunjwa mara tatu kwa urefu na mara mbili kwa upana, kama taulo la mgeni. Maua ya njano yalikuwa yamepauka kidogo. Tundu lilikuwa palepale.

Akampelekea Armelle kitandani, akakiweka, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Alisema hajawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kuvuka mpaka.

Armelle alikifungua, akafunika uso wake humo. Akavuta pumzi.

"Ameondoka," akasema. "Hayumo."

Ninahazwe akaanza kuomba msamaha, maneno yakamkatikia. Armelle akavuta pumzi tena. Kisha akanyoosha mkono, akamvuta dada yake, akakinusa kiganja chake, akarudi kwenye kitenge.

"Kinanukia wewe."

"Ni sabuni, Armelle. Zote ni moja dunia nzima."

"Nani alikitoa kitandani?"

"Mimi."

"Nani alikitia kwenye gunia?"

"Mimi."

"Basi umekifua." Akalia sasa, kwa sauti, kama mtoto. "Mkubwa amekifua. Nilichoka kukungojea, Nina. Kila Jumamosi niliweka maji kwenye beseni nikayamwaga."

Waliazima mkasi mapokezi. Wakanunua chupa mbili za bia dukani, wakamwaga kidogo kwenye sinki kwa ajili ya Mama kwa kuwa udongo haukuwepo, wakasali, Ninahazwe akatamka kwamba matanga yameanuliwa, na Armelle akaitikia. Kisha wakakata kitenge katikati. Mkasi ulikuwa butu, na ukingo ukaenda upande.

"Mkubwa anachagua kwanza," Armelle akasema.

Ninahazwe akachukua upande wenye tundu.

"Huo umetoboka."

"Ndiyo," akasema. "Ni maharage yangu."

Alirudi Merrylands Jumapili, na Jumatatu alikuwa kazini, vyumba kumi na vinne. Usidhani ametulia, mikono ni ileile, na sasa anatikisa shuka mara nne. Ila mwezi uliopita, kwenye harusi ya watu wa Congo, muziki ulipoanza nilimtafuta jikoni nikamkosa. Alikuwa katikati ya ukumbi, anacheza vibaya sana, anakwenda mbio kuliko ngoma.

Ile nusu ya kitenge aliniletea nimshonee pindo. Nilishona pindo vizuri pande zote. Nikachukua kiraka cha kahawia, nikataka kuziba na lile tundu, kwa upendo wangu tu, na ndiyo siku pekee amewahi kuninyang'anya kitu mkononi.